Kabla Hujanunua Benz Iliyozeeka

Mwezi uliopita kijana mmoja tunayeabudu naye alinijia baada ya ibada akiwa na picha za Mercedes E-Class ya mwaka 2004 iliyokuwa ikiuzwa hapa Nakuru kwa shilingi 780,000. Alikuwa amepiga hesabu zake, akaona kwamba Toyota ndogo yenye nusu ya umri huo ingemgharimu zaidi, na akashindwa kuelewa kwa nini gari lenye viti vya ngozi na injini ya silinda sita liwe rahisi namna ile. Nilimwambia tuketi, kwa sababu swali lake halijibiwi kwa neno moja. Mimi nimelimiliki gari la aina hiyohiyo, E240, tangu mwaka 2016. Nimelipenda, limenitoa jasho, na sasa tumezoeana, na yale niliyomweleza siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa kwa utaratibu zaidi.

Jambo la kwanza, ambalo mengine yote yanalitegemea, ni kwamba bei ya gari hushuka lakini bei ya spea zake haishuki. Mtu wa kwanza kulinunua gari hili likiwa jipya alilipa mamilioni, na alikuwa na uwezo wa kulihudumia kwa kiwango hicho. Wa tatu au wa nne hulinunua kwa laki nane, naye hulitunza kama gari la laki nane, ilhali rejeta, pampu na kompyuta zake bado zinauzwa kwa kipimo cha gari la mamilioni. Magari mengi ya namna hii ninayoyaona yameegeshwa kwenye nyasi nyuma ya nyumba za watu, kuanzia Lanet hadi Njoro, hayakuharibika kwa sababu yalitengenezwa vibaya. Yalifika mikononi mwa mtu aliyekuwa na pesa za kununua na asiyekuwa na pesa za kutunza.

Kosa hilo nusura nilifanye mimi mwenyewe. Gari langu liliingia nchini mwaka 2011 kutoka Japani likiwa na umri wa miaka 7, yaani ndani ya kikomo cha miaka 8 ambacho Kenya imeweka kwa magari yaliyotumika. Mwenyewe wa kwanza alilihudumia vizuri, na stakabadhi zake zilikuwamo ndani ya kabrasha hadi mwaka 2014. Baada ya hapo kulikuwa na miaka miwili isiyo na karatasi hata moja, na sikumuuliza muuzaji kulitokea nini katika miaka hiyo. Nilikuwa nikitazama rangi. Sisi tuliokua tukisikia watu wakubwa wakiitwa Wabenzi, ile nyota iliyo mbele ya boneti ina nguvu ya kumfumba mtu macho, na ni heri mnunuzi alijue hilo mapema ili aende kulikagua gari akiwa na mtu ambaye nyota hiyo haimshtui.

Gharama ya miaka ile miwili ilinijia miezi minane baadaye. Nilikuwa nikipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, nikiwa na mama yangu na watoto wawili, gari likakataa kubadilisha gia. Injini ilinguruma, mwendo ukabaki palepale, nikatambua kwamba limekwama katika gia ya pili. Nilipolizima na kuliwasha tena lilikwenda vizuri kwa kilomita kadhaa, kisha likakwama upya. Tulirudi Nakuru polepole, malori yakitupita. Gereji ya kwanza niliyolipeleka ilinipa hukumu kwa dakika tano: giaboksi imekufa, lipa shilingi 130,000 upate nyingine iliyotumika kutoka Japani, na kazi ya kuifunga ihesabiwe kando. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta mkopo katika Sacco yetu ya walimu.

Mwenzangu mmoja shuleni aliniomba nisubiri siku moja, akanipeleka kwa fundi ambaye kazi yake ni magari ya Ulaya pekee. Yeye hakulala chini ya gari kwanza. Aliunganisha mashine yake ya kusoma kompyuta, akaandika tarakimu fulani kwenye kipande cha karatasi, kisha akaitafuta kompyuta ya giaboksi na kuchomoa soketi yake ya nyaya. Aliigeuza soketi ile juu ya kiganja, akaigonga kidogo, na tone moja la oili nyekundu likadondoka mkononi mwake.

“Mwalimu,” akaniambia, “giaboksi yako haina neno. Oili imepanda kwenye nyaya.”

Nitaeleza alichonieleza, kwa kuwa ndicho kilichonifunza kulielewa gari hili. Giaboksi ya gia tano iliyomo katika magari mengi ya Mercedes ya miaka hiyo ina kiunganishi cha nyaya kinachoingia ubavuni mwake, na kiunganishi hicho huzibwa na kijiti cha plastiki chenye mipira miwili ya duara. Mipira hiyo hukauka kwa umri na joto. Oili ikipata upenyo, huingia ndani ya nyaya na kupanda kidogo kidogo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, hadi inaifikia kompyuta iliyo mbali na giaboksi yenyewe. Hapo kompyuta hupata taarifa za uongo, na kwa kujilinda huifunga giaboksi katika gia ya pili. Fundi alibadilisha kijiti na mipira yake, akasafisha soketi, akaweka bamba jipya la umeme lililo ndani ya giaboksi, chujio jipya na oili mpya ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji. Nililipa shilingi 46,000 kwa yote hayo. Kama ningefunga giaboksi nyingine yenye mipira iliyokauka vilevile, na kuiacha kompyuta ikiwa imelowa, ningekuwa nimelipa mara tatu ya pesa hizo na ugonjwa ungebaki.

Kuna jambo lililochangia msiba huu katika magari mengi. Mercedes ilipozitoa giaboksi hizi ilisema oili yake haihitaji kubadilishwa maishani, na baadaye ikabadilisha ushauri huo na kuagiza ibadilishwe ikifika kilomita 60,000. Wamiliki wengi hapa kwetu walisikia kauli ya kwanza tu. Tena bomba la kupimia oili ya giaboksi halina kijiti chake cha kudumu. Fundi hutumia kijiti maalumu, na hupima oili ikiwa imepata joto la takriban nyuzi 80. Anayeongeza oili hiyo kwa kukadiria kwa jicho anabahatisha na mali yako.

Kwa hiyo nasema fundi atafutwe kabla ya gari. Mafundi wa jua kali wa Nakuru na wa Kisumu ni hodari, na wengi wao wameendesha usafiri wa nchi hii kwa mikono yao, lakini hodari wa Toyota si lazima awe hodari wa gari hili. Mimi nina swali moja la kumpima fundi wa E240: injini hii ina plagi ngapi? Ni injini ya silinda sita, lakini kila silinda ina plagi mbili, kwa hivyo jibu ni 12. Anayejibu sita bila kufikiri hajawahi kuifungua. Swali la pili ni kama ana mashine inayozungumza na kompyuta za Mercedes, wala si ile ndogo inayosoma taa ya injini tu. Akikosa mashine hiyo, atakuwa akibadilisha spea moja baada ya nyingine hadi abahatike, na gharama ya kubahatisha kwake inatoka mfukoni mwako.

Upande wa breki, sitasema kwa upole. E-Class za umbo hili zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi katikati ya mwaka 2006 zina breki zinazoendeshwa kwa umeme, ambapo pampu yenye kompyuta ndiyo inayosukuma maji ya breki kwa kufuata mguu wako. Pampu hiyo huhesabu kila mara inapofanya kazi, na ikifikia idadi iliyowekwa huwasha onyo ili ibadilishwe. Ikizimika kabisa, utabaki na breki za mbele tu, na itakubidi ukanyage kwa nguvu zako zote. Zaidi ya hayo, mfumo huo unaweza kujaza shinikizo wenyewe mtu anapofungua mlango, na fundi aliyeweka vidole kwenye kalipa, ile sehemu inayobana diski ya breki, bila kuuzima kwa mashine anaweza kuvunjwa vidole. Usikubali kamwe breki pedi za gari hili zibadilishwe kando ya barabara. Na kama bado hujanunua, tafuta lililotengenezwa baada ya mabadiliko ya mwaka 2006, ambalo lilirudishiwa breki za kawaida. Nikirudi nyuma, hilo ndilo ningefanya, hata kama lingenigharimu laki moja zaidi.

Vivyo hivyo, chagua lenye springi za chuma badala ya mifuko ya hewa inayolibeba gari juu ya magurudumu. Mifuko ile hustarehesha sana, lakini mmoja ukianza kuvuja, kompresa, yaani pampu ya hewa, hufanya kazi bila kupumzika ili kuujaza, mwishowe nayo huungua, na badala ya kununua mfuko mmoja unanunua vyote viwili. Dalili yake huonekana asubuhi, gari likiwa limeinama kona moja kama ng'ombe anayetaka kulala.

Kuhusu spea, wengi wetu tulio Nakuru tunaziagiza kutoka Nairobi, barabara ya Kirinyaga na viunga vyake, zikaletwa na magari ya abiria jioni ileile. Mpe muuzaji nambari ya chesisi yote, tarakimu na herufi zake 17, wala usimwambie tu “ni E240 ya 2004”, kwa kuwa magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuwa na sehemu tofauti. Niliwahi kununua mikono ya magurudumu ya mbele ya bei ya chini, isiyo na jina la maana, nikaona nimeokoa shilingi 20,000. Barabara za huku Njoro, zenye mashimo na matuta yasiyo na alama, ziliimaliza kwa miezi minne, na ile sauti ya kugonga ikarudi. Nikanunua ya Lemförder, kampuni ya Ujerumani, kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, na hadi leo imetulia.

Joto nalo lina mambo yake. Kisumu iko chini sana kuliko Nakuru, na ukishuka kutoka Kericho hadi uwanda wa Kano unaihisi tofauti hiyo usoni. Huko ndiko injini ilinizimikia siku moja, karibu na Ahero saa nane mchana, ikawaka tena baada ya nusu saa kana kwamba hakuna lililotokea. Kilikuwa kihisio cha mzunguko wa injini, ambacho kikizeeka hushindwa kikipata joto na hupona kikipoa. Kimeshikwa na skrubu moja tu, na sasa nina cha akiba ndani ya buti. Rejeta pia ichunguzwe, kwa maana oili ya giaboksi hupozwa humohumo, na ukuta wa ndani ukipasuka maji huingia katika oili na kuiua giaboksi kweli. Rejeta yenye umri wa miaka 15 naibadilisha bila kungoja dalili. Na maji yake yawe yaliyochujwa madini pamoja na kulanti, ile dawa ya kupozea injini; maji ya visima vya huku yana madini mengi mno.

Kijana yule aliniuliza gharama kwa jumla. Nilinunua gari langu kwa shilingi 850,000, na katika mwaka wa kwanza nililitumilia shilingi 312,000 bila kuhesabu petroli wala bima. Miaka iliyofuata imekuwa kati ya 90,000 na 120,000, pesa ninazoziweka akiba kila mwezi hata gari likiwa zima. Nilimshauri kwamba kama 780,000 ndizo zote alizo nazo, basi hawezi kulinunua gari hilo. Atafute la 500,000 la aina nyingine, au asubiri. Kama ana zaidi ya milioni moja, aende asubuhi na mapema kabla injini haijapashwa joto, afuatane na fundi na mashine yake, na aombe stakabadhi za kila mwaka. Muuzaji alipoombwa stakabadhi alisema zilipotea wakati wa kuhama nyumba. Kijana ameendelea kutafuta.

Mimi kila Jumamosi usiku huliegesha gari penye sakafu ya saruji na kutandaza katoni chini yake. Jumapili kabla ya kwenda kanisani huivuta na kuisoma: nyekundu ni giaboksi, nyeusi ni injini, kibuluu ni maji ya rejeta. Juma lililopita palikuwa na tone moja jekundu, dogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho, chini kabisa ya kile kiunganishi cha nyaya. Imetimia miaka minane tangu mipira ile ilipobadilishwa. Nimempigia fundi, na ameniambia nilipeleke Jumanne.