Jibu: Chakula cha shukrani kwa manesi wa wodi

Salaam ndugu, na pole kwa kuuguza. Kwa hiyo mama ameshatoka, unataka kuwapelekea manesi chakula, ila unaogopa kisionekane rushwa na hujui kitawafikiaje wa zamu zote.

Kwanza hakikisha mgonjwa ameruhusiwa kweli na bili imefungwa. Kikienda angali kitandani, wa kitanda cha pili ataanza kujiuliza kama huduma pale inanunuliwa. Kisha mwone muuguzi mfawidhi wa wodi. Yeye ndiye anajua kama hospitali inaruhusu, na kiwekwe wapi. Bahasha ya pesa usithubutu, hata ukisema ni ya soda.

Dada yangu alipojifungua kwa upasuaji tulipeleka sambusa, maandazi na ndizi mbivu. Pilau ni tamu, lakini nesi anakula kwa kuibia, mkono mmoja una faili la mgonjwa. Na masufuria utayafuata lini? Funga vya mtu mmoja mmoja kwenye mifuko ya karatasi. Sambusa za nyama ziandike, za mboga ziandike, na nyama iwe ya kuchinjwa halali ili wote wale. Vyenye mayonezi acha, kwa joto la Dar havifiki salama. Ikiwa ni Ramadhani, peleka kabla ya magharibi, wapate cha kufuturu.

Muda mzuri ni zamu ya jioni inapokabidhi ya usiku, maana wa usiku ndio husahaulika. Juu ya boksi andika "zamu zote, na wahudumu wa usafi".