DDT ya zamani shambani: imeisha au imejificha?

Ndugu, nimekuelewa: shamba ulilonunua lilikuwa na ghala la viuatilifu miaka 30 iliyopita, maabara imekuta DDT (dawa ya zamani ya kuua wadudu), na jirani anakwambia "imeshazeeka, wewe lima tu." Jirani ana nusu ya ukweli.

DDT haipatani na maji. Hunata kwenye mboji, kisha mwaka hadi mwaka molekuli zake hujipenyeza kwenye vitundu vidogo mno vya udongo ambamo hata bakteria haingii. Ndiyo maana mizizi na minyoo huipata kwa shida kuliko ingekuwa imemwagika juzi. Maabara, kwa upande wake, hutumia kiyeyushi kikali kinachoing'oa karibu yote, kwa hiyo namba inaweza kutisha kuliko hali yenyewe. Angalia DDE, yaani kile DDT inachogeuka inapovunjika, kwenye majibu yako: ikiizidi DDT, kwa kawaida uchafuzi ni wa zamani. Ila kunata si kuisha.

Mimi ningeanza na kuku, watoe hapo leo. Kuku anapodonoa humeza udongo, na sumu hii hukaa kwenye mafuta, kwa hiyo huishia kwenye kiini cha yai. Jamii ya maboga usiipande. Baadhi ya aina zake hufyonza DDE kuliko mazao mengi. Karoti zioshe na kuzimenya. Ongeza mboji, funika udongo kwa nyasi vumbi lisiruke.

Ukifukua mifuko au unga wenye harufu ya dawa, usiguse wala usichome. Ita mamlaka ya mazingira.