Maswali ya Wasomaji: Usiku wa Dansi Unapopanda Jukwaani

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu tamthilia za muziki zinazosimulia maisha ya Walatino waliohamia miji ya Marekani, hasa zile ambazo matukio yake hutokea usiku katika kumbi za dansi. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko nilivyotazamia, na moja iliandikwa kwa hasira. Nimechagua tano.

*Mwalimu, mwaka jana nilimtembelea binti yangu Marekani, naye akanipeleka kutazama tamthilia ya aina hiyo. Nilitarajia kuona shida za wahamiaji: mipaka, vibali, ubaguzi. Badala yake, saa mbili nzima zilipita ndani ya ukumbi wa dansi. Watu walicheza, wakatongozana, wakagombana, kisha wakacheza tena. Nilifurahi, lakini tulipokuwa njiani nilimwuliza binti yangu: historia ilikuwa wapi?*
Mama wa Watatu, Milimani, Kisumu

Mama, asante kwa barua yako. Naamini kwamba historia uliyoitafuta ulikuwa umeitazama kwa saa hizo mbili, ila hakuna mhusika aliyesimama kuitangaza.

Walatino wa New York wa katikati ya karne iliyopita, ambao wengi wao walitoka Puerto Rico, walishinda katika viwanda vya nguo na jikoni mwa hoteli. Kisheria watu wa Puerto Rico hawakuwa hata wageni, kwa kuwa kisiwa chao kilitwaliwa na Marekani mwaka 1898 na wenyeji wake wakapewa uraia mwaka 1917. Lakini uraia huo haukumzuia mwenye nyumba kuwaambia kwamba chumba kimekwisha kupangishwa. Mchana mtu alikuwa jozi ya mikono mbele ya cherehani. Usiku ndipo alipokuwa tena mwana wa fulani kutoka mji fulani, mchezaji ambaye wenzake walimpisha sakafuni.

Ukumbi uliovuma kuliko yote uliitwa Palladium, nao ulikuwa ghorofani katika kona ya Broadway na barabara ya 53, jijini New York. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 ulikuwa ngome ya dansi ya mambo, jina ambalo kwetu ni salamu ya vijana na ambalo limewahi kuniletea kicheko darasani. Bendi tatu zilishindana humo: ya Machito, ya Tito Puente na ya Tito Rodríguez. Machito alikuwa amekulia Cuba, na kundi lake alilolianzisha mwaka 1940 aliliita Afro-Cubans, jina lililotaja Afrika waziwazi wakati ambapo wanamuziki wengi wangeona ni heri wafiche asili hiyo. Tito Puente alizaliwa New York kwenyewe, mwaka 1923, kwa wazazi wa Puerto Rico. Waliojaa ukumbini walikuwa Wapuertoriko, Wakuba, Wamarekani weusi, Wayahudi na Waitaliano, wakicheza sakafu moja katika jiji ambalo milango mingi ya starehe bado ilichagua rangi ya mtu. Mwaka 1961, baada ya msako wa polisi, ukumbi ulipoteza leseni ya kuuza vileo, na mwaka 1966 ukafungwa.

Sasa fikiria namna ya kuyaonyesha hayo jukwaani. Mwandishi mvivu atamleta mzee mwenye fimbo aeleze tarehe. Mwandishi anayeijua kazi yake atamwonyesha mhudumu akizitoa chupa rafuni moja moja na kuzifunika kwa kitambaa cha meza, huku bendi ikiendelea kupiga na wachezaji wakiwa hawajatambua. Huenda wewe uliona jambo la namna hiyo ukadhani ni pambo. Utakapokwenda tena, tazama ni nani anayeruhusiwa mlangoni na nani anayeambiwa asubiri. Tazama ni nani anayekubali mkono wa nani. Tazama yule anayekaa muda wote na koti lake mapajani kwa sababu zamu yake ya kazi inaanza alfajiri.

*Mimi si mtu wa maneno mengi. Mlatino ni nani? Ni sawa na mtu anayezungumza Kihispania?*
Msomaji wa Ahero

La, si sawa. Mlatino ni mtu mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, yaani Meksiko, Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na visiwa kama Cuba, Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika. Mbrazili kwa kawaida huhesabiwa humo ingawa lugha yake ni Kireno, na Mhispania wa Madrid hahesabiwi ingawa lugha ni yake.

*Ndugu mhariri, makala yenu imenisikitisha. Mimi ni mzazi na ni mzee wa kanisa. Tunahangaika kuwaondoa vijana kwenye vilabu vya usiku, nanyi mnatuambia kwamba huko Marekani vilabu vinaimbiwa sifa jukwaani na kuitwa urithi. Mtoto wa kidato cha pili atajifunza nini hapo?*
Mzee wa Kanisa, Kakamega

Mzee wangu, hasira yako ninaiheshimu, kwa maana mimi pia nimelea, na najua mzazi husikia nini neno klabu linapotajwa usiku wa Jumamosi. Wala sitakuambia kwamba ndani ya kumbi hizo watu walikunywa maji. Walikunywa pombe, wapo walioharibikiwa, na tamthilia inayoficha hilo ni tangazo la biashara.

Hata hivyo, naomba tuangalie ni nani hasa aliyeziogopa kumbi zile, na kwa nini. Jiji la New York lilipitisha mwaka 1926 sheria iliyotaka kila mahali palipouza chakula au kinywaji pawe na leseni maalumu kabla ya wateja kuruhusiwa kucheza dansi. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1967 hata mwanamuziki alilazimika kubeba kadi ya polisi ili apige ala yake mahali kama hapo, na kunyang'anywa kadi kulikuwa sawa na kunyang'anywa mkate. Sheria ya dansi yenyewe ilifutwa mwaka 2017 tu. Mtu akisoma habari hizo ataona kwamba ulevi haukuwa shabaha yake pekee. Walioumizwa zaidi na sheria hiyo walikuwa watu weusi na wahamiaji, ambao kukusanyika kwao kulitiliwa shaka.

Tena kumbi hizo hazikuwa za starehe pekee. Wapuertoriko wa New York walikuwa na vyama vya watu wa mji mmoja wa nyumbani, ambavyo viliandaa dansi ili kuchangisha fedha za shughuli zao. Sisi wa magharibi ya Kenya tunalijua jambo hilo bila kufundishwa. Luo Union, chama cha Waluo, ilijenga Ofafa Memorial Hall hapa Kisumu kwa kumbukumbu ya Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953, na chama hicho kilikuwa na timu yake ya kandanda hadi vyama vya kikabila vilipopigwa marufuku mwaka 1980. Mkutano wa mchana, harambee ya jioni na muziki wa usiku viliweza kukaa chini ya paa moja. Mtoto wa kidato cha pili akilijua hilo sioni atakuwa amepotoka wapi. Kuhusu saa ya kurudi nyumbani, hapo mimi na wewe tuko upande mmoja.

*Marehemu baba yangu alikuwa na santuri za nyimbo za Kihispania, naye aliziimba neno kwa neno bila kujua maana ya hata moja. Zilifikaje huku kwetu?*
Mpiga Gitaa, Kondele

Zilifika kwa meli, na kwa namna fulani zilikuwa zinarudi nyumbani. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilianza kuleta Afrika mfululizo wa santuri zenye alama ya GV, ambazo nyingi zilikuwa za muziki wa Cuba. Zilipofika Kongo, wasikilizaji walitambua midundo ambayo mababu waliouzwa utumwani walikuwa wameivusha bahari. Wanamuziki wa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, wakaiga, kwanza kwa Kihispania cha kubahatisha kama cha marehemu baba, kisha kwa Kilingala. Bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele ilianzishwa mwaka 1953, na mwaka 1960, wakati wa mazungumzo ya uhuru wa Kongo mjini Brussels, ndiyo iliyopiga wimbo wa Indépendance Cha Cha. Taifa likatangaziwa uhuru kwa cha-cha-cha ya Cuba. Baadaye wanamuziki wa Kongo walihamia Kenya wakaja na gitaa zao, na wapiga benga wakawasikiliza kwa makini.

Kuna tukio moja ambalo ningefurahi kuliona likitungiwa tamthilia. Mnamo Septemba 1974, kabla ya pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman, mwimbaji Celia Cruz na kundi la salsa la Fania All-Stars walitua Kinshasa na kutumbuiza. Celia alikuwa Mkuba aliyezuiwa kurudi kwao, akiwaimbia kwa Kihispania watu ambao wazazi wao walikuwa wamekariri Kihispania hicho kutoka kwenye santuri. Baba yako angesimama mstari wa mbele.

*Sisi ni kikundi cha vijana kumi na wawili. Tunataka kutunga tamthilia ya muziki kuhusu kumbi za dansi za zamani kuanzia Nakuru hadi ziwani, kwa kufuata mfano wa Walatino. Tuna gitaa mbili na hatuna fedha. Tuanzie wapi? Na je, tunaruhusiwa kuimba nyimbo za zamani za benga?*
Katibu wa Kikundi, Nakuru

Suala la fedha lisiwatishe. Mwaka 1965, wafanyakazi wa mashamba ya zabibu walipogoma huko Delano, California, Luis Valdez alianzisha nao El Teatro Campesino. Jukwaa lao mara nyingi lilikuwa nyuma ya lori, na mhusika alitambulishwa kwa kipande cha ubao alichoning'iniza shingoni. Valdez huyohuyo ndiye aliyeandika Zoot Suit, tamthilia ya mwaka 1978 kuhusu vijana wa asili ya Meksiko mjini Los Angeles katika miaka ya 1940, pamoja na mavazi na dansi zao, nayo ikafika Broadway, yaani kwenye majumba makuu ya tamthilia ya New York, mwaka uliofuata. Baadaye, mwaka 2008, ikafika Broadway In the Heights ya Lin-Manuel Miranda, ambamo umeme wa mtaa mzima unakatika watu wakiwa katika klabu ya usiku. Mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa jinsi ya kuigiza umeme uliokatika.

Msianze na mswada. Anzeni na wazee, na msiwaulize maswali makubwa, kwa maana swali kubwa huzaa hotuba. Waulizeni kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, viatu viliazimwa kwa nani, wanawake walirudi nyumbani kwa njia gani, na nani alikatazwa kuingia. Mtafuteni pia aliyekuwa bawabu, aliyeuza soda, na mwanamke aliyeambiwa na jirani zake kwamba hapafai akaenda hivyohivyo. Na kwa kuwa mnafuata mfano wa wahamiaji, kumbukeni kwamba Daniel Owino Misiani, aliyeipaza benga ya Shirati Jazz, alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na jina la bendi yake ni la huko kwao. Hadithi ya mgeni aliyewachezesha wenyeji mnayo hapa hapa.

Kuhusu nyimbo, jibu ni kwamba mnahitaji ruhusa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, wimbo unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na watunzi wengi wa benga hawajafikisha muda huo. Mtafuteni mtunzi au warithi wake, ombeni ruhusa kwa maandishi, na mkikwama waulizeni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Mkitumia santuri yenyewe badala ya kuimba wenyewe, fahamuni kwamba rekodi ina haki zake mbali na wimbo. Mimi ningewashauri mtunge nyimbo zenu kwa mtindo wa zamani na kuomba mbili tatu tu ambazo wazee watazitambua.

Bendi nayo iwe hai, ionekane, na isifichwe nyuma ya pazia. Wanamuziki wa mambo huujenga muziki wao juu ya vijiti viwili vya mbao ngumu viitwavyo clave, vinavyogonga mapigo matano ambayo kila ala huyafuata. Mchezaji akipotea, huyasikiliza hayo akarudi njiani. Mkipata mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, mwekeni mahali ambapo hadhira itaona mguu wake, jinsi pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba inavyogonga ubavu wa ala huku mikono ikiwa na kazi nyingine kabisa.

Tena pangeni muda wa kutosha wa kujifunza dansi kwa wenyewe walioicheza. Mzee mmoja wa mtaa wa Kaloleni, hapa Kisumu, alikubali kunionyesha walivyokuwa wakicheza. Aliweka bakora yake ukutani, akavua kofia, akamwinamia mkewe aliyekuwa akichambua mboga kibarazani. Mama alikataa kwa sababu mikono yake ilikuwa na maji. Mzee akatoa kitambaa mfukoni, akaikausha mikono hiyo taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, akaniambia bila kunitazama kwamba zamani kila mwanamume aliyekwenda dansini alibeba vitambaa viwili, kimoja cha jasho lake na kingine cha mwenzake.