Usikariri Majina ya Majani, Jifunze Ukoo

Kijana mmoja wa Arusha anayejiandaa kuongoza wageni mlimani ameniandikia: "Kaka, shikamoo. Wageni wakiniuliza kila kijani kidogo najibu 'kuvumwani' (moss, ule mmea mdogo laini wa kwenye mawe na magome) ili tusonge. Nifanyeje?" Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza panapouma.

Juzi nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu na mgeni, mwalimu mstaafu wa botania. Tulipoipita kambi ya Mandara, vichaka vya erika vilipoanza kuchukua nafasi ya msitu, akanionyesha mmea unaotambaa kando ya njia. "Kuvumwani?" akaniuliza, na mtego niliuona. Nikachomoa lenzi, nikamwonyesha jani: mshipa mmoja tu katikati, haujagawanyika. Nikagusa kikonyo cha juu, unga wa manjano wa spora, chembe ambazo mmea huu huzalia badala ya mbegu, ukaruka. "Hii ni Lycopodium clavatum," nikamwambia. "Kuvumwani haina mishipa kama hii." Tangu hapo akawa ananiita profesa. Bakshishi siisemi.

Sasa nikumbushe kitu. Nilipokuwa mpagazi, kiongozi wetu alinikuta nimeinamia mimea hii, akaniambia mbele ya wenzangu wote, "Endelea kula majani, mbuzi wewe." Yeye hadi leo akiulizwa anajibu "kuvumwani". Haya, tuyaache.

Ushauri wangu ni ukoo, ukoo, ukoo. Mimea hii, yaani Lycopodium na jamaa zake wanaoitwa likofaiti, ilitengana na mimea mingine yote yenye mishipa zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Kwa hiyo lile kangaga (fern) lililo jirani yake ni ndugu wa karibu zaidi wa mkahawa wa kihambani kwenu kuliko wa likofaiti! Mwaka 1992 Linda Raubeson na Robert Jansen walionyesha kuwa kipande kirefu cha DNA ya kloroplasti, zile chembe za kijani ndani ya jani, kimepinduliwa mwanzo ukawa mwisho katika makangaga na mimea ya mbegu, ila likofaiti wamebaki na mpangilio wa zamani, sawa na kuvumwani. Mwambie mgeni hilo, atasimama mwenyewe, na wewe utapata nafasi ya kupumua.

Familia za likofaiti zilizobaki hai ni tatu. Likopodiamu, familia ya ule mmea wa Marangu, wana spora za aina moja. Selaginela na Isoetesi wana spora kubwa za kike na ndogo za kiume, nao ndio wanaokaribiana. Isoetesi anafanana na nyasi tu, lakini jamaa zake wa kale, Lepidodendroni, walikuwa miti ya zaidi ya mita 30, na mabaki yao yamo ndani ya makaa ya mawe ya Ulaya na Marekani. Hapo wageni hukaa kimya, niamini.

Mgeni akikuambia Huperzia saururus na wewe umesoma Phlegmariurus saururus, usibishane. Mmea ni uleule. Wapo wataalamu wanaokusanya jenasi, yaani makundi ya spishi za karibu, na wapo wanaozigawa. Uainishaji wa mwaka 2016 uliigawa familia ya likopodiamu katika jenasi 16.

Wewe anzia msituni, chini ya Mandara. Tafuta Selaginela penye unyevu: tawi bapa, majani makubwa pembeni, madogo juu. Lenzi ya mara kumi inatosha, ifunge shingoni. Na usichume kitu, ile ni hifadhi.