Pini imekatika tena? Usikaze nati, chukua tochi

Mkuu, weka chini hiyo spana. Kwa hiyo unajaza risasi upya, na pini ya dai yako (kifaa cha kwenye presi, mashine ya mkono ya kujazia risasi) ya kutolea praima, kile kikombe kidogo cha kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda, imekatika mara ya pili, maganda ni ya risasi za .308 uliyookota kwenye uwanja wa shabaha, na mdau hapo juu kakushauri ukaze nati ya koleti (kibanio kinachoshika fimbo ya pini) "mpaka ilie" halafu uegemee mkono wa presi. Hebu niambie kwanza: umeshachungulia ndani ya hayo maganda?

Kuna maganda ya aina mbili, kwa namna praima inavyofanya kazi: Boxer na Berdan. Ganda la Boxer lina tundu moja la moto (la kupitisha moto wa praima kwenda kwenye baruti), katikati ya kitako. Hapo pini inapita, inaisukuma praima, inadondoka, maisha yanaendelea. Ganda la Berdan lina vitundu viwili vidogo pembeni, na pale katikati pana kinundu kigumu ambacho ndicho fuawe la praima, yaani pale inapogongewa. Pini yako inashuka moja kwa moja juu ya kinundu hicho. Kwa nje maganda yanafanana, hata ukiyageuza huku na huku. Na kichekesho ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, wote wa miaka ya 1860, lakini Wamarekani leo wanatumia ya Mwingereza, na ya Mmarekani unaikuta zaidi kwenye risasi za jeshi za kutoka nje.

Mimi niliyanunua kwa gunia, kwenye maonyesho ya silaha huku Texas, kwa mzee aliyeapa kwamba "shaba ni shaba, yote inajazwa upya." Kwa hesabu hiyo hata sufuria ya mke wangu ningeitia baruti! Pini ya kwanza ilipokatika nikasema chuma kibovu. Iliyofuata nikailaumu presi. Ndipo bwana mmoja wa video, mwenye karakana inayong'aa kuliko sebule yangu, akanifundisha kukaza koleti.

Sasa sikiliza. Dai kama za kampuni ya Lee hushika fimbo ya pini kwa koleti makusudi, ili ikikutana na kitu kigumu iteleze kwenda juu badala ya kuvunjika. Ukiona fimbo inapanda, dai inakwambia kuna kitu mle ndani. Mimi nikaiziba mdomo kwa spana ndefu, nikauegemea mkono wa presi kwa kilo zangu zote (idadi sitaji, shemeji yenu anasoma humu). Fimbo ikapinda, koleti ikapasuka, dai ikawa ya kutupa. Ndipo nikamulika tochi: vitundu viwili. Ganda la pili, viwili. Nikamwaga gunia lote sakafuni, viwili, viwili, viwili. Mnunuzi wa vyuma chakavu alilipima kwa kilo, na yule mzee sijamwona tena kwenye maonyesho yoyote. Ana bahati.

Kwa hiyo: tochi kwanza, ganda moja moja, ndipo presi. Usiniambie ni mengi.

Ukiona tundu ni moja na bado pini inagoma, angalia upana wake. Tundu la kawaida lina milimita 2 hivi, lakini maganda ya kampuni ya Lapua yaitwayo .308 Palma, yale ya praima ndogo, yana milimita 1.5 na pini ya kawaida inakwama. Hayo yanataka pini nyembamba, siyo misuli. Kokoto ndani ya ganda nayo inakata pini vizuri tu, na uwanja wa shabaha umejaa kokoto. Ukiona alama ya duara lenye msalaba kwenye kitako, hilo ni la NATO, mara nyingi praima yake imebanwa kingo. Itatoka, ila kwa mkono wa taratibu.

Kurekebisha dai yenyewe ni kazi ndogo: pini ichomoze chini ya tundu kiasi cha kuiangusha praima, basi. Ukiishusha zaidi, sehemu nene ya fimbo inagonga sakafu ya ganda na unarudi dukani. Koleti kaza kwa kiasi, ibaki na nafasi ya kuteleza.

Na vaa miwani, kwa sababu kwenye maganda ya kuokota hukosi praima ambayo haijalipuka. Piga picha ya ndani ya ganda moja, tochi ikiwaka, uiweke hapa kabla hujagusa presi.