Tarehe Niliyotakiwa Kuisoma Kabla ya Kununua Prosesa

Ninahariri video za harusi, sendofu na kipaimara katika chumba kimoja hapa Kijitonyama. Mashine yangu ni kompyuta ya mezani, HP Z420, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, lile sanduku jeusi zito ambalo ukilibeba peke yako mgongo unakukumbusha usiku. Ni mashine ya zamani lakini si kimeo. Kila mara napata mtu anauliza, "Dada, na mimi ninayo hiyohiyo, niweke nini ikimbie?" Jibu langu la kwanza huwaudhi: usinunue kitu kwanza.

Mimi nilinunua. Msimu wa harusi ulinikuta na kazi nne mezani na mashine inayojivuta. Nikicheza video inakwamakwama, nikirenda (kutoa video iliyokamilika) shughuli yenye urefu wa saa mbili naiacha inakesha. Nikajipa jibu mwenyewe kwamba tatizo ni prosesa, ule ubongo wa mashine. Yangu ilikuwa Xeon E5-1620 ya kori 4, nikashuka Kariakoo nikapata E5-1650 v2 ya kori 6. Kijana wa dukani akatazama kwenye simu soketi, yaani aina ya kikalio cha prosesa: hiyo LGA 2011, na yangu LGA 2011. "Dada'angu, hii inakaa moja kwa moja, hata fundi huhitaji."

Na ilikaa kweli. Nikapaka ile dawa nyeupe ya juu ya prosesa, nikafunga, nikawasha. Feni zikavuma, kioo kikabaki cheusi. Nikarudisha ya zamani, ikawaka. Nikaweka mpya, giza. Jumapili yangu yote iliishia hapo, na mikono imejaa dawa kama mtu aliyetoka kupaka chokaa.

Kumbe Z420 zipo za aina mbili, na kwa nje zinafanana kama pacha. Ndani ya mazabodi, ile bodi kuu, kuna kipande kidogo cha programu kinachoamka kabla ya kingine chochote. Washa mashine, bonyeza F10, ingia System Information, tafuta mstari ulioandikwa Boot Block Date. Ukikuta tarehe ya 2011, mashine inapokea prosesa za E5 za kizazi cha kwanza tu. Ukikuta ya 2013, hata v2, yaani za kizazi cha pili, zinaingia. Usidanganywe kwamba ukisasisha BIOS, programu ya kuwashia mashine, mambo yatanyooka. Kipande hicho hakibadiliki kwa njia hiyo. Yangu ilisema 2011. Kusoma kulinichukua dakika moja. Kijana wa dukani simlaumu, aliulizwa soketi akajibu soketi.

Baada ya hasira kupoa ndipo nikafanya nilichotakiwa kuanza nacho. Nilifungua kazi nzito, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ikafunguka Task Manager inayoonyesha nani anafanya kazi kiasi gani, nikakaa kuangalia namba video ikicheza. Prosesa ilikuwa inapumzika zake karibu asilimia 30. Diski ilikuwa asilimia 100, haishuki. Yaani nilikuwa nimemnunulia dawa ya kichwa mgonjwa wa tumbo.

Kwa hiyo pesa ya kwanza ikaenda kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka, na hapo napo pana mtego. Z420 ina matundu ya kuchomekea diski (SATA) ya kasi mbili: mawili ni ya gigabiti 6 kwa sekunde, mengine ni ya 3. Ukichomeka SSD kwenye tundu la gigabiti 3 unapata kama nusu ya kasi uliyolipia, na mashine haikuambii chochote. Zile SSD za NVMe zilizo kama kipande cha bazoka achana nazo, kwa sababu mashine hii haiwezi kuwasha Windows iliyowekwa ndani yake bila ujanja ujanja.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi uliyoifungua, ikafuata, kutoka GB 8 hadi 32. Mazabodi ina nafasi 8 za DDR3, lakini soma karatasi iliyobandikwa kwenye RAM. Yenye maandishi PC3-12800E na yenye PC3-12800R si ndugu, na ukizichanganya mashine haiwaki. Nyingi za bei poa zimetolewa kwenye seva na zina hiyo R. Mimi huwa natoa moja ya kwangu naenda nayo mkononi, namwambia muuzaji anipe inayosomeka hivihivi.

Kadi ya picha niliiacha mwisho. Nilichukua Quadro P2000, inakula wati 75 na zote inazipata kwenye tundu lake bila waya wa ziada. Kabla ya kutamani kadi kubwa, kumbuka pawasaplai ya Z420 ni ya kwake peke yake, huwezi kuchomoa ukaweka yoyote ya dukani.

Sasa Windows. Windows 11 inataka TPM 2.0, kijisehemu cha usalama ndani ya mashine, na prosesa mpya zaidi, na Z420 haina hata kimoja. Upo ujanja wa kuilazimisha, ila mashine inayonilipia kodi siifanyii majaribio. Masasisho ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mtumiaji binafsi anaweza kujiandikisha kupata ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mimi mashine nimeing'oa kabisa kwenye intaneti. Flashi za wateja, ambazo nyingi zina wadudu, naanza kuzifungua kwenye laptopu. Linux, mfumo wa kutumia badala ya Windows, niliijaribu pia: DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri, ikakataa kusoma H.264, aina ya video ambayo ndiyo kamera zangu zote zinarekodi. Ningelazimika kubadilisha kila faili kabla ya kuanza kazi. Kwa harusi yenye video ya urefu wa saa nane? Hapana.

UPS sihitaji kuieleza kwa mtu wa Dar. Vumbi nalitoa kwa blowa kila baada ya miezi mitatu.

Ile v2 ilikaa kwenye droo hadi kaka mmoja wa Mbagala aliponitafuta anaitaka kwa Z420 yake. Nikamwomba anitumie kwanza picha ya ukurasa wa F10. Akasema soketi ni ileile. Nikamwambia naijua soketi, nitumie picha. Ilipoingia nikaikuza: 2013. Nikamwambia aje.