Oligo ya herufi 100 imekuja na mabendi kibao, na mkemia ana nafasi gani kwenye DNA?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni dada nipo Mwanza, nina digrii ya kemia na kwa sasa najitolea kwenye maabara moja ya baiolojia. Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) za herufi 20 huwa zinakuja safi, ila tulioda oligo, yaani kipande cha DNA cha kutengenezwa, ya herufi 100 (A, C, G na T) ya kuingiza kwenye plasmidi, kile kiduara cha DNA cha bakteria, tukaipitisha kwenye jeli tukaona msururu wa bendi chini ya ile kubwa. Kampuni inasema tungelipia kusafishiwa. Ni kawaida au tumepigwa? Na je, mkemia kama mimi ana nafasi kweli kwenye DNA au ni mambo ya watu wa baiolojia?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hamjapigwa, hiyo ni kemia yenyewe inavyokwenda, na ukiielewa basi swali lako la pili litakuwa limeshajijibu nusu.

Oligo yenu haikutoka kwa bakteria wala enzaimu. Imejengwa na mashine, herufi moja moja, juu ya vipunje vya kioo ndani ya kolamu ndogo, tena inaanzia ncha ya 3' kwenda ya 5' (ndiyo majina ya ncha mbili za uzi wa DNA), kinyume kabisa na seli inavyofanya. Kila herufi ina mzunguko wake: asidi inatoa kinga ya traitili kwenye ncha ya mnyororo, herufi mpya inaamshwa na tetrazoli inaungana, minyororo iliyogoma inazibwa isiendelee, halafu iodini inaioksidisha fosforasi ili kiungo kiwe imara. Unarudia hivyo hivyo mpaka mwisho, kisha amonia inaikata oligo kutoka kwenye kioo.

Sasa chukulia kila kuunganisha kunafaulu kwa asilimia 99, ambayo ni kazi nzuri sana. Oligo ya 20 ina viungo 19, kwahiyo 0.99 mara yenyewe mara 19 unapata kama asilimia 83 ya minyororo iliyokamilika. Ya 100 ina viungo 99, unabaki na asilimia 37 tu! Ufanisi ukishuka hadi 98 unabaki na kama 14. Hizo bendi za chini ndiyo ile minyororo iliyokwama njiani.

Na ile traitili ikitoka ina rangi ya chungwa kali, mashine inaipima kila mzunguko, mimi mwenyewe nikikaa pembeni ya mashine macho yangu yako kwenye hiyo rangi manake ikipauka ghafla ujue kuna kitu kimeharibika, na mara nyingi ni maji. Herufi iliyoamshwa ikikutana na maji inaungana na maji badala ya mnyororo, kwahiyo kiyeyushi chake, asetonitraili, lazima iwe kavu kabisa, na kwa unyevu wa ukanda wetu chupa iliyoachwa wazi kidogo tu imeshakuharibia siku.

Hii njia inaitwa ya fosforamiditi, Beaucage na Caruthers waliichapisha mwaka 1981. Mwangalie huyo Marvin Caruthers maana ndiyo jibu la swali lako la kazi. Ni mkemia, alisomea kwa mkemia Letsinger pale chuo kikuu cha Northwestern, Marekani, akaenda kwa Khorana, yule mzaliwa wa Punjab aliyepata Nobel 1968, ambaye timu yake ilitengeneza kwa kemia jeni ya herufi-jozi 77 na kuitangaza 1970 baada ya miaka ya kazi ya mikono. Caruthers akahamia Colorado, akatatua tatizo la kuunganisha haraka na kwa ufanisi, na leo praima za PCR (njia ya kunakili DNA) duniani zinatoka kwenye kemia yake. Hata hapa Tanzania, vipimo vya vinasaba vinavyofanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali vinahitaji praima.

Kwahiyo nafasi ipo, tena watu wa baiolojia wanatutegemea sana. Dawa kama nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani 2016 kwa SMA, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, ni oligo iliyotengenezwa kwa kemia hii hii. Ukitafuta masta, tafuta mahali utakapofanya sintesia ya oganiki kwa mikono yako, ujue kusoma vipimo vya kemia: NMR ya fosforasi (fosforamiditi, yaani zile herufi zilizoandaliwa kwa mashine, ikiwa nzuri inakaa karibu na 149 ppm), HPLC ya kutenganisha mchanganyiko na masi spektrometri ya kupima uzito wa molekuli. Baiolojia ya kuklonia unayoijua sasa iendeleze, mkemia anayejua zote mbili anatafutwa.

Turudi kwenye oligo yenu. Msiitupe. Ipitisheni kwenye jeli ya poliakrilamaidi yenye urea, halafu wekeni jeli kwenye plastiki juu ya bati la kromatografia (TLC) lenye rangi inayong'aa kwenye UV, mulikeni UV ya 254 nm, DNA itaonekana kama kivuli cheusi, kateni ule wa juu kabisa. Vaeni miwani na msikawie, UV inaharibu DNA. Mkioda tena, gaweni kipande hicho mara mbili, kila kimoja herufi 60, vipishane kwa herufi 20 katikati, mvijaze kwa polimerasi (enzaimu ya kujenga DNA) mpate ile 100 ya nyuzi mbili. Herufi 60 kwa hesabu ile ile inatoa asilimia 55, siyo 37. Na kabla ya kuingiza kwenye kazi, somesheni mfuatano wa DNA wa koloni kadhaa za bakteria, hasa mkitafuta zilizopungukiwa herufi moja, maana hizo jeli haizitengi vizuri.